Kwapani mwa Kaa

Bi Nakunda alimtoa kaa chini ya jiwe mtoni, akampindua chali na kumsogeza kwa Mndeme, mtaalamu wa wadudu. Watoto wa usubi wa mto ule hukua wakiwa wamemng'ang'ania kaa, na usubi ndio uliowapofusha watu wa bondeni hadi wakahamishiwa mjini. Mto ukionekana safi leo, wataruhusiwa kurudi.

"Tazama upesi, mwanangu. Kaa huyu ana haya kuliko bibi harusi."

Mndeme aliinama na kioo chake cha kukuzia. Akatazama mara ya pili.

"Mama, hapa kwapani yupo mmoja. Ni yeye."

"Mmoja tu? Mfumbie macho, basi. Wenzake walishatufumba yetu."

Mndeme hakucheka. Ukucha wa Bi Nakunda ulikuwa karibu kabisa na yule mdudu. Kumsugua kidogo tu, na bonde lingeandikwa kuwa ni safi. Lakini hapa ndipo wajukuu wangeoga. Bi Nakunda akamshika kaa vizuri ili Mndeme amng'oe mdudu kwa kibano na kumwandika daftarini.

Ukingoni alisimama mumewe, Kirumbi, godoro kichwani, uso ameuelekeza kusikokuwa na mtu. Mjini hujikwaa kwenye kila kizingiti. Njia za bondeni miguu yake inazijua yenyewe.

"Mama Sifa," alimwita mkewe, "kaa kasemaje? Godoro limeshachoka kusubiri."

Bi Nakunda hakumwachia kaa. Alimtazama akipiga miguu hewani, kama anayetafuta ardhi.