Kobe wa Friji

Wifi yangu Verlene alifungua friji ya gereji, akazisukuma bia za kaka yangu pembeni, akaweka sanduku lenye majani makavu. Nje, theluji ya kwanza ya Ohio ilikuwa imeanza.

"Lete kobe alale humu mpaka majira ya baridi yaishe," akasema.

"Anatokwa na mapovu puani, wifi, anaumwa. Ukimlaza hivyo, haamki."

"Marehemu mama yenu alimlaza kila mwaka. Leo wewe ndiye daktari? Hata paka wako alikukimbia."

"Alikimbia mapishi yako."

"Cheka tu. Nimemfungisha mpaka tumbo ni tupu kabisa. Kobe akilala ameshiba, chakula kinamwozea ndani, anakufa. Basi ni leo. Lete!"

Nikampakata. Alikuwa mwepesi kama kopo tupu. Povu dogo likavimba puani, likapasuka.

Nikatoa stroberi mfukoni, nikaiminya ili inukie, nikaisogeza mdomoni mwake.

"Wewe! Mshenzi wewe, usithubutu!"

Verlene alinirukia, kucha mbele. Kobe akanyoosha shingo, akaiuma stroberi, akameza.

"Haya, wifi," nikasema, huku maji mekundu yakinichuruzika kiganjani. "Mlaze sasa."