Kidonda cha Mtihani

Harufu ilimpokea Redio kabla hajafika kitandani. Ilikuwa nzito, yenye utamutamu wa nyama iliyosahaulika juani, na ilimwingia hadi kinywani licha ya barakoa. Akameza mate. Yakataka kurudi.

"Leo una bahati," alisema muuguzi mkuu wa wodi, akivuta pazia. "Kidonda kizuri cha mtihani. Kimeingia asubuhi hii hii."

Wenzake chuoni walimwita Redio kwa sababu alihifadhi kila kitu: mapigo ya moyo ya mtu mzima na ya mtoto mchanga, shinikizo la damu, vipimo vya dawa, dalili za sumu mwilini. Ukimgusa tu, anatangaza. Lakini mtihani wa vitendo ulikuwa umeshamwangusha mara moja, na si kwa kutojua. Alitapika mbele ya mgonjwa. Leo ilikuwa nafasi ya mwisho. Akishindwa tena, anafungasha virago na uuguzi anausikia kwa wengine.

Mwalimu aliyemwangusha ndiye aliyesimama nyuma yake sasa: mwanamke mkavu, wa kwanza kufika chuoni na wa mwisho kuzima taa, ambaye hata siku za mapumziko aliwafundisha waliobaki nyuma. "Mgonjwa akiuona uso wako umekunjamana," alimwambia siku ile, "umeshamuumiza kuliko kidonda." Redio alimchukia wiki nzima. Kisha akaanza kutamani kuwa kama yeye.

Mgonjwa alikuwa bibi mdogo wa mwili, amelazwa ubavu. Kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya ulimi na upande mzima wa mwili. Muuguzi mkuu akafunua shuka.

Mwalimu alirudi nyuma ghafla, akagonga toroli la dawa. Vibano vikaanguka sakafuni kwa kishindo.

"Hee! Hata wewe, mwalimu?" muuguzi mkuu akacheka.

"Harufu," mwalimu alisema. Akavaa barakoa ya pili juu ya ile ya kwanza. "Anza."

Pale mgongo unapoishia palikuwa na shimo. Ngumi ya Redio ingeingia yote. Kingo zilikuwa nyeusi, usaha wa kijani ulichuruzika hadi pajani, na ndani kabisa kitu cheupe kilionekana. Mfupa, alijiambia. Kile cheupe kikajinyonganyonga.

Tumbo lilimpanda hadi kooni. Akabana meno, akasubiri lishuke, kisha akainama sikioni kwa bibi.

"Shikamoo, bibi. Mimi ndiye muuguzi wako leo. Nitakusafisha taratibu. Ukiumia, nifinye."

Akaanza kuwatoa funza mmoja mmoja. Walikuwa wanono. Kila alipomvuta mmoja, pale alipotoka palibubujika, na harufu ikaamka upya.

"Hatua ya ngapi?" mwalimu aliuliza. Alikuwa amesimama mbali, miguuni pa kitanda.

"Ya nne, mwalimu. Kimefika kwenye mfupa."

"Chanzo?"

"Kulala namna moja muda mrefu. Damu haifiki, nyama inakufa. Halafu mkojo, halafu njaa."

"Kinazuiwaje?"

"Kumgeuza kila baada ya saa mbili. Kumkausha. Kumlisha. Kumkagua ngozi kila siku."

Maneno yalitoka bila kukwama, na hapo ndipo kichefuchefu kilipogeuka kikawa cha namna nyingine. Hakikuwa tena cha usaha wala funza. Kinga yote ya balaa hili ilikuwa mistari miwili ya daftari, kazi ambayo hata mtoto angeelekezwa akaiweza.

"Nani kamwacha hivi?" alishindwa kujizuia.

"Ana binti," muuguzi mkuu alisema. "Majirani wanasema anamfungia na kufuli, anakwenda zake kazini. Walipoona inzi wamejaa dirishani wakavunja mlango, wakamleta, wakaondoka."

"Huyo si mtu. Hata paka humlamba wa kwake."

"Uko kwenye mtihani," mwalimu alisema. Sauti yake ilikwaruza. "Swali la mwisho. Mgonjwa yuko nyumbani. Anayemtunza yuko peke yake, hana wa kumwachia, anafanya kazi kutwa. Anarudi amechoka, hata kusimama hawezi. Afanyeje?"

Swali hilo halikuwemo katika yale waliyopewa kujiandaa. Lakini Redio hakuhitaji kufikiri. Jibu alilisikia kwa mwalimu mwenyewe, darasani, mbele ya wote.

"Amgeuze, mwalimu. Kidonda hakiulizi kama umechoka."

"Hakuna jibu jingine?"

"Hakuna, mwalimu."

Mwalimu aliinamia karatasi ya alama, akaandika.

"Umefaulu," alisema.

Redio alifunga bandeji kwa furaha. Alitaka kumkumbatia mwalimu palepale. Bibi hakuwa amemfinya hata mara moja. Wala hakuwa akimtazama yeye. Macho yake yalikuwa yameganda kule miguuni pa kitanda.

Daktari aliingia kwa haraka, akainua bandeji na kuchungulia kidonda, akakunja uso.

"Nyama hii iliyokufa lazima ikatwe leo. Nahitaji idhini ya ndugu. Huyo binti yuko wapi?"

"Majirani walituachia namba yake," muuguzi mkuu alisema. "Tumepiga tangu asubuhi. Simu imezimwa."

"Mtu gani anazima simu na mama yake yuko katika hali hii?"

Redio alitikisa kichwa kwa kinyaa, akamgeukia mwalimu ili wachukie pamoja.

"Huwa naizima nikiwa nafundisha," mwalimu alisema.