Aliyeingia Bila Hodi

"Huyu naye kaingia bila hodi! Mfute, Marlys," wenzangu waliandika, wakicheka.

Sheria ya kundi letu la mtandaoni la wachuma uyoga hapa Minnesota niliitunga mimi: mgeni akileta picha kabla ya kujitambulisha, inafutwa. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe.

Ndipo nikaitazama picha yenyewe. Uyoga mmoja, mweupe pepepe, shina limechomoza kwenye kifuko kama yai lililopasuka. Ule unaoua ini kimyakimya.

Nyuma yake palikuwa na kikaango kitupu, bado kinang'aa siagi, na kisahani cha plastiki chenye picha ya bata.

Chini mgeni aliandika: "Samahanini jamani, huu uliobaki unaitwaje? Mtoto anaomba aongezewe."