Penalti ya Baba

Tangu apatwe na kiharusi, Baba hakuwa ametamka neno. Asubuhi hiyo, chumbani kwake huku ughaibuni, Rooty Hill, nilimwekea kwenye simu mechi ya timu yake, iliyochezwa Nairobi sisi tukiwa tumelala. Matokeo nilikuwa nimeshayaona.

Refa alipoonyesha penalti, vidole vya mkono wa Baba usiopooza vikakamata shuka.

“Apondi, nigeuze.”

Maisha yake yote hajawahi kutazama timu yake ikipiga penalti. Husema akitazama, wanakosa.

Nikamshika bega na nyonga, kama ninavyowageuza wagonjwa kazini, nikamlaza akiangalia ukuta.

Mpira ukagonga mwamba, ukarudi uwanjani.

“Goli!” nikapiga kelele, na mgongo wake uliokonda ukaanza kutikisika kwa kicheko.