Kijiko Chenye Raba

Siku Mwanahawa alipozikwa, wifi yake Mkunde alibaki kumtunza mgane, Mzee Kiondo, ambaye kiharusi kilimdhoofisha mkono. Jioni akamletea uji, akashika kijiko yeye.

"Kijiko changu kiko wapi?"

"Kile kilichozungushiwa raba? Nimekitupa, kinatia kinyaa. Fungua mdomo, kaka, uji unapoa."

Raba ile aliizungusha Mwanahawa, kama alivyofundishwa na mtaalamu hospitalini, ili vidole vya mumewe vipate pa kushika. Miezi minne alikaa naye mezani, bila kumlisha hata mara moja.

"Nimefiwa, Mkunde. Sijarudi utotoni!"

Akakongoja hadi jalalani, akakiokota, akakiosha.

Siku hizi uji wake hupoa kabla hajaumaliza, na shati huloa. Anakula mwenyewe.