Mtaa wa Mezani kwa Mwalimu Aikaeli

Violet alikataa katakata kuwa punje mbili za mchele.

"Mwalimu, kila mtu hapa ni punje moja," alisema, ameinamia meza. "Mbona mimi umenibandika mbili?"

"Nilikutazama vizuri kabla ya kuamua," alijibu Mwalimu Aikaeli, bila kuondoa macho kwenye gundi yake.

Mwalimu Aikaeli alikuwa amestaafu kufundisha jiografia, na kwa miaka miwili alikuwa akiujenga mtaa wao wa Elerai juu ya meza yake ya chakula. Kila mita ya nje aliifanya nusu sentimita mezani. Nyumba zilikuwa za maboksi ya viatu, mabati aliyakata kwenye makopo ya soda, miti ilikuwa vipande vya sponji vilivyochovywa rangi ya kijani, na watu walikuwa punje za mchele. Upande wa kaskazini ulisimama Mlima Meru wa magazeti na uji wa ngano. Kila kitu alikwenda kukipima mwenyewe kwa futi kamba, hata choo cha mwenyekiti wa mtaa, hata vile vigingi vya saruji vya mipaka ya viwanja ambavyo wenye viwanja walishasahau vilipo.

Majirani walipouona mtaa huo mdogo wakaanza kuleta maombi. Mmoja alitaka awekewe gari mlangoni, kwa kuwa alikuwa mbioni kununua. Mwingine aliuliza kwa sauti ya chini kama mama mkwe wake angeweza kuhamishiwa nyuma ya mlima.

Wote walipata jibu moja. "Kilichopo nje ndicho kilichopo mezani," alisema Mwalimu. "Mimi sidanganyi hata milimita."

Basi Violet akabaki punje mbili.

Mwezi wa tatu gari la taka lilikwama. Lilijibana kwenye njia iliyo mbele ya nyumba ya Mwalimu, likashindwa kwenda mbele wala kurudi nyuma, likakaa hapo saa tatu nzima likinuka. Lilipochomoka, dereva aliapa kwamba hatarudi. Baada ya wiki mbili lundo la taka lilifika kiunoni, na nzi wakawa wanaingia majumbani bila kubisha hodi.

Ng'ambo ya njia, mkabala na nyumba ya Mwalimu, kulikuwa na kuta mbili mpya zilizopakana: ukuta wa Violet na wa Mzee Rasik, mwenye duka la vitambaa mjini. Violet alisema ukuta wa Rasik ndio uliotoka nje ya mpaka. Rasik alisema ni wa Violet. Walijaribu kupima palepale njiani. Wakavutana, futi ikakatika, kila mmoja akaenda kwake na kipande.

"Hapa tutaumana," alisema Sumari, mwenyekiti wa mtaa. "Twendeni kwa Mwalimu. Mezani kwake hakuna wa kumvuta mwenzake."

Jumamosi asubuhi sebule ilijaa. "Shikamoo Mwalimu, shikamoo Mwalimu," wakaingia mmoja mmoja, naye akawaitikia akiwa amevaa suti yake ya kanisani. Hakuna aliyekumbuka kumwona amefurahi namna ile tangu astaafu.

"Kabla hatujapima, tuandikiane," alisema. "Aliyetoka nje ya mpaka atabomoa ndani ya siku saba. Kwa mkono wake mwenyewe. Andika, Mwenyekiti."

"Hata awe nani, Mwalimu?"

"Awe yeyote yule! Na siku ya nane asipewe."

Sumari akaandika. Mzee Rasik alitia saini shingo upande, kwa sababu mkewe, Sarla, alikuwa ameupandishia ule ukuta asumini, na alishamwambia kwamba ukuta ukianguka na yeye Rasik atafute pa kulala. Violet alitia saini macho ameyafumba, midomo ikisali.

Sumari akachukua uzi mweusi wa cherehani. Akaukaza kutoka kigingi hadi kigingi, upande wa zile kuta mbili, taratibu, huku watu wote wamebana pumzi ili wasiupeperushe mtaa.

Ukuta wa Rasik ulikuwa ndani ya mpaka.

Wa Violet nao ulikuwa ndani ya mpaka.

Wale wawili, ambao walikuwa hawajasalimiana kwa siku kumi na nne, wakakumbatiana mpaka kofia ya Rasik ikaanguka juu ya Mlima Meru. Watu wakapiga makofi. Mwalimu naye akapiga makofi, machozi yakimlengalenga.

"Mnaona?" alisema. "Meza yangu haina upendeleo."

"Haina kabisa," alisema Sumari, akijikuna kidevu. "Lakini gari si lilikwama? Kuna kitu kimeingia njiani."

Akauhamishia uzi upande wa pili wa njia. Akaukaza. Uzi ukagota. Akaulegeza, akaukaza tena, ukagota palepale.

"Mwalimu," alisema kwa heshima zote, "samahani. Hili jiko la nje ni la nani?"

Watu ishirini wakainama kwa pamoja. Lilikuwa jiko dogo, halizidi punje ya karanga, na nusu yake ilikuwa imekaa barabarani.

Mwalimu Aikaeli akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akachukua kibanio chake, akalibandua lile jiko, akalitia mdomoni, akalitafuna na bati lake, akameza.

"Jiko lipi?" akauliza.