Tundu la Saba

Nilipoinama kuosha tundu la saba, paka akapenyeza mkono kwenye nyaya akanigusa kidole. Taratibu, kucha amezificha, vile anavyomgusa mama akitaka kula.

Nikageuza tena kadi yake. "Mzururaji. Hana mwenyewe. Anachafua nyumba." Chini yake sahihi ya kaka yangu, na ule mkia mrefu anaojivunia.

Tangu juzi mama anagonga sahani mlangoni kumwita. Kaka anampita hapo hapo na kumwambia, "Acha wasiwasi, mama. Roho ya paka haitoki upesi hivyo."

Hapa ofisini kwa daktari wa wanyama, paka asiye na mwenyewe hukaa siku tatu, halafu hupigwa sindano ya kifo. Mwenyewe akijitokeza, aliyemleta huitwa aje aeleze kwa nini alidanganya. Na mimi na mama tunalala kwa kaka. Alishatuambia mlango aliotuingizia ndio huo huo wa kutokea.

Leo ilikuwa siku ya tatu.

"Dada," daktari akasema nyuma yangu, sinia la sindano mkononi, "mbona huyo anakulilia wewe tu? Mnajuana?"

Paka alikuwa bado amenishika kidole.

"Wote wananijua, daktari. Si mimi ndiye ninayewalisha?"

Akacheka. "Haya, basi mshike wewe. Kwako atatulia."

Nikafungua tundu. Akanipanda kifuani mwenyewe, kabla hata sijanyoosha mikono, akaingiza kichwa chini ya kidevu changu.